Mpini Uliozidi Kiganja Changu

Mume wangu alinipa raketi yake siku ya Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, akiwa bado amevaa kanzu aliyotoka nayo msikitini. Aliitoa katika mfuko wake wa kuihifadhia, akaipangusa kwa ncha ya kikoi, akaniwekea mapajani.

"Kesho utacheza," aliniambia. "Mkubwa wangu hucheza na mkewe kila Jumamosi, wawili kwa wawili. Waliokuwa wakicheza nao wamehamishwa. Nimemwambia kuwa mke wangu anajua tenisi."

Sikuwa najua. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilicheza muhula mmoja, kwa raketi za mbao zilizopinda kwa unyevu, na habari hiyo nilimpa mwenyewe siku za uchumba wetu, tukicheka. Sikudhani ingekuja kunishika.

Ilikuwa miaka ya themanini, tunakaa Malindi, katika nyumba ya kupanga si mbali na nyumbani kwa mama yangu. Mimi nilikuwa nikisomesha shule ya msingi. Mume wangu alikuwa msaidizi wa meneja katika benki, na huyo mkubwa wake, mtu wa bara mwenye kicheko kikubwa, ndiye aliyekuwa akiandika nani apandishwe na nani asubiri. Mume wangu alikuwa amesubiri sana. Wenzake aliosoma nao Mombasa walikuwa wameshakuwa mameneja, na kila alipokutana nao arusini au matangani alirudi nyumbani kimya. Kwa hiyo sikumwambia hapana. Nilimwuliza tu nitavaa nini.

Nilivaa suruali pana, shati refu la mikono mirefu lililofika magotini, na mtandio niliouzungusha kichwani nikaufunga kwa nyuma. Tulipita kwa mama kumwacha binti yetu, ambaye alikuwa bado anajifunza kutembea. Mama alinitazama tangu juu hata chini.

"Unakwenda wapi hivyo?"

"Kucheza mpira, mama. Na wakubwa wa kazini."

"Wanaume wapo?"

"Wapo. Na wake zao."

Mama alimchukua mtoto, akageuka kuingia ndani. Akiwa mlangoni akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mjukuu wake, "Mamako leo amekuwa askari." Siku ya pili mtaa mzima ulikuwa unajua.

Raketi ile ilikuwa ya chuma, yenye kung'ara, na uzito wake wote ulikuwa kichwani. Mpini ulikuwa mnene kwa mkono wa mwanamume mrefu. Mimi nilipoushika, ncha za vidole vyangu hazikukikaribia kiganja, na kila mpira ulipogonga, mpini ulitaka kuzunguka mkononi. Basi nikawa naubana kwa nguvu zangu zote. Nyuzi alikuwa amezivutisha Mombasa mpaka mwisho wa kuvutika. Ukizigonga kwa kucha zililia, naye aliupenda mlio ule. "Nyuzi zilizokaza ndizo zinazotii," alikuwa akiniambia, na kwa mkono wake ilikuwa kweli. Alikuwa mchezaji wa nguvu. Mpira wake ulipita juu ya wavu ukiwa chini, umenyooka, na aliyeusimamia upande wa pili hakupenda kuusimamia tena.

Raketi ile aliipenda kweli, na kunipa mimi kulimgharimu. Yeye mwenyewe alichukua nyingine ya zamani. Hilo ndilo lililonifunga ulimi baadaye. Mtu akikupa kitu chake bora, utamwambiaje kuwa kinakuumiza?

Jambo moja sikulitarajia: niliupenda mchezo. Si Jumamosi ya kwanza, ambayo niliaibika mpaka nikatamani sakafu ya saruji ya uwanja wa klabu ipasuke, bali baada ya wiki kadhaa. Kuna namna mpira unavyokuja, nawe umekwisha kufika mahali pake kabla yake, umetulia, unaungoja. Nikauona uwanja. Nikagundua kuwa sihitaji kumshinda mtu kwa nguvu. Nikiurudisha mpira tu, juu kidogo, pale alipotoka kuondoka, atachoka yeye kabla yangu. Mkubwa wa mume wangu, na tumbo lake, alikuwa akihema na kucheka: "Huyu mama ananitembeza!"

Lakini mume wangu hakupenda. "Piga!" alikuwa akinong'ona nyuma yangu. "Unaubembeleza kama mtoto. Piga!" Kwake yeye mpira wa taratibu ulikuwa aibu, kama kwamba naomba. Basi nikapiga. Kwa raketi nzito, mpini mnene, nyuzi kama waya, na mipira iliyokwisha kuzeeka, iliyonyonya maji ya umande na kuwa mizito kama maembe mabichi, nikapiga kama alivyotaka.

Maumivu yalianzia upande wa nje wa kiwiko, mahali padogo unapoweza kupafunika kwa kidole. Mwanzo yalikuja Jumapili na kuondoka Jumatatu. Kisha yakawa hayaondoki. Darasani nikiinua mkono kuandika juu ya ubao, chaki ilinidondoka. Nilijizoeza kuandika nusu ya chini tu, na watoto waliokaa nyuma wakawa wanasimama ili waone. Nyumbani nilishindwa kukamua nguo. Kukuna nazi ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Nilikaa juu ya mbuzi, nikageuza kifuu mara mbili tatu, nikaacha, nikatazama ukuta, nikaanza tena. Mtoto nilimbeba kwa mkono wa kushoto.

Nilikwenda hospitali. Daktari alinibonyeza pale palipouma, nikaruka.

"Unafua nguo nyingi?" aliniuliza.

"Ndiyo," nikasema.

Akanipa vidonge na kuniambia nipumzishe mkono. Nilitoka na vidonge vyangu nikijiuliza nitaupumzisha vipi, na kwa ruhusa ya nani.

Maana hapo ndipo nilipokuwa. Nikimwambia mume wangu, ningekuwa nimemvunjia Jumamosi zake na mkubwa wake, na pengine cheo alichokuwa akikingojea. Nikimwambia mama, angesema Mungu mwenyewe amenionya, na nisingekanyaga tena uwanjani. Na mimi mwenyewe sikutaka kuacha. Hilo sikuweza kumwambia yeyote, kwa sababu lilikuwa halina mahali pa kukaa. Kwa mume wangu mchezo ule ulikuwa kazi, kwa mama ulikuwa fedheha, na hakuna aliyeniuliza kwangu mimi ni nini. Usiku nililalia ubavu wa kushoto, mkono wa kulia nimeuweka juu ya mto kama mgeni.

Aliyenigundua ni mke wa mkubwa. Tulikuwa tumekaa benchi, mchezo umekwisha, wanaume wameingia ndani kunywa soda. Aliniletea chai. Nikakipokea kikombe kwa mkono wa kulia, mkono ukakataa, chai ikanimwagikia magotini.

"Tangu lini?" aliniuliza.

"Kimeniteleza tu."

"Hakijakuteleza. Nyoosha mkono."

Alikuwa mwanamke mkimya, ameanza kuota mvi, ambaye tulikuwa tukisalimiana naye tu kwa heshima. Aliushika mkono wangu, akaninyoosha kiwiko, akaniambia niinue ngumi juu dhidi ya kiganja chake. Sikuweza. Kisha akapandisha mkono wa sweta lake jepesi, ambalo siku zote nilishangaa kwa nini alivaa katika joto lile. Chini yake alikuwa amefunga mshipi mpana, chini kidogo ya kiwiko.

"Mimi nilicheza miaka miwili na maumivu kama haya," alisema. "Mzee hapendi kubadilisha mtu. Akishaizoea jozi, ameizoea. Nikawa nafunga na kucheza, nafunga na kucheza. Sasa hata kuchana nywele ni shida. Usifanye kama mimi."

Akaichukua raketi yangu. Aliniambia niishike kama nachezea, kisha akajaribu kutia kidole chake cha shahada kati ya vidole vyangu na kiganja. Pakabaki pengo kubwa.

"Kinatakiwa kiingie kidole kimoja tu, kikae vizuri. Hapa pako wazi. Kwa hiyo unabana. Ukibana siku nzima, kinachobana ni huu msuli, na huu msuli umeshikwa hapa." Akanigusa palepale. "Halafu nyuzi zimekaza. Mpira ukigonga, haziutulizi, zinaurudisha mshtuko wote mkononi. Na kichwa kizito kinakuvuta. Hii ni raketi nzuri. Lakini si yako."

"Ni ya mume wangu."

"Najua. Na upigaji wako wa siku hizi pia ni wake. Ulipokuja mwanzo ulikuwa unarudisha tu, taratibu, unatuchosha. Kwa nini uliacha?"

Wanaume walikuwa wanatoka. Alishusha mkono wa sweta, akasema upesi, "Upumzike kwanza. Raketi yoyote utakayonunua, mkono ambao haujapona itauumiza."

Nilimwambia mume wangu jioni ile. Nilichagua maneno. Nilimwambia mpini ni mnene kwangu, na pengine tungetafuta mwembamba. Kuhusu kiwiko nilisema kinauma kidogo.

Kisha akasema, "Kila mtu anaumwa kidogo. Mimi goti linaniuma tangu shuleni." Si kwamba alikuwa mtu katili. Alinisugua mafuta ya karafuu kwa mikono yake mwenyewe, taratibu, mpaka nikasinzia. Lakini alipomaliza alisema, "Ukizoea mkono utapata nguvu. Usiniache sasa." Nikaelewa kuwa yeye naye alikuwa amebanwa, na kwamba hakuwa na mtu wa kumwomba amlegezee.

Mama aligundua mwenyewe. Alikuja asubuhi moja ya Jumapili akanikuta nikikanda unga wa mahamri kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia umening'inia. Alinawa, akanisukuma kando, akaukanda yeye mpaka ukalainika. Kisha akaketi.

"Ni ule mchezo?"

"Ndiyo, mama."

"Na bado unakwenda?"

"Nakwenda."

"Anakulazimisha?"

Nilitaka kusema ndiyo, ingekuwa rahisi. "Yeye ndiye aliyenipeleka," nikasema. "Lakini mama, naupenda."

Nilingojea maneno. Mama yangu hakuwa mtu wa kukosa maneno.

"Siupendi mchezo wenyewe," alisema hatimaye, "wala hizo suruali. Watu wanasema na mimi nasikia. Lakini mkono huo mimi ndiye niliyekuzaa nao, na sikukuzaa kilema. Tatizo ni mpini?"

"Mpini, na uzito, na nyuzi."

"Basi tukatafute mwingine."

Alikwenda kwa mume wangu mwenyewe. Alisimama barazani, hakukubali kuketi, akamwambia, "Mwanangu, Jumamosi hii ninakwenda Mombasa na mkeo. Nina haja naye." Mume wangu alimwitikia kwa heshima ya mkwe, macho chini: "Sawa, mama. Mwenyezi Mungu awafikishe salama." Hakuuliza haja gani. Mkwe haulizwi.

Kilifi tulingoja kivuko muda mrefu, mabasi na malori yamepangana hadi juu ya mteremko. Tulishuka, tukakaa kivulini tukila korosho. Mama alinitaka nimweleze raketi inavyofanya kazi. Nilimweleza jinsi nilivyoweza, nikichora vumbini kwa kijiti. Wanawake wawili waliokaa karibu nasi wakawa wanasikiliza, na mmoja akauliza kama ni chombo cha kupepetea.

Duka lilikuwa mtaa wa ndani, linauza vitu vya michezo, na mwenyewe alikuwa Mhindi wa makamo aliyekuwa akitia nyuzi raketi nyingine huku akizungumza nasi. Aliangalia nyuma yetu mlangoni, akitazamia mwanamume. Hakuona mtu ila mama yangu katika buibui lake.

"Ni ya nani?" akauliza.

"Yangu," nikasema. Nilishangaa jinsi neno lile lilivyotoka gumu.

"Unapiga kwa nguvu au unarudisha?"

Nikasita. Tangu nilipopewa raketi, hakuna aliyewahi kuniuliza nachezaje. Nilikuwa nimekwisha kuanza kusema kuwa napiga, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyokuwa nikifanya, mama akanitangulia.

"Huyu tangu utotoni ni mtu wa kungoja," alisema. "Hata kula, alikuwa anangoja wenziwe wamalize."

Mhindi akacheka. Alishusha raketi kadhaa, akazilaza juu ya meza. Niliishika moja ya mbao, mpini mwembamba, tamu mkononi, lakini alinionya kuwa kwa unyevu wa pwani itapinda nisipoibana kila siku katika kibanio chake cha mbao. Nikashika nyingine nyepesi mno. Alitikisa kichwa. "Hii ni ngumu, haipindi. Nyepesi na ngumu pamoja, mkono wako hautaishukuru. Mpira utaisukuma nyuma." Mama alizichukua moja moja, akazipima mkononi kama anavyopima upawa sokoni, akainusa hata ngozi ya mpini.

"Mwiko ukiwa mnene huushiki, unaupigania," alisema.

Niliyoichagua ilikuwa nyeusi, ya mbao iliyochanganywa na kitu kipya ambacho muuzaji alikiita grafiti. Kichwa chake kilikuwa kipana kuliko ile ya mume wangu, lakini uzito ulikaa chini, karibu na mkono. Nikiibonyeza, ilijibu kwa kujikunja kidogo sana. Nilitia kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kati ya vidole na kiganja. Kikaingia, kikakaa. Nikamwambia anilegezee nyuzi.

"Zikilegea mpira utaruka mbali," alinionya. "Itabidi uupime."

"Nitaupima."

Nililipa kwa mshahara wangu. Mama alishindana naye bei kwa muda ambao nilitoka nikaenda kununua maji, nikarudi, wakawa bado.

Mume wangu alipoiona alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba. Aliishika, akaigonga nyuzi kwa kucha. Hazikulia. Zilitoa sauti nzito, fupi.

"Hii ni wavu wa kuvulia samaki," alisema.

"Ndiyo niliyoichagua."

"Bila kuniuliza."

"Nilikuambia mpini ni mnene."

Akairudisha kitandani kwa uangalifu, jambo lililoniumiza kuliko kama angeitupa. Akaichukua ile ya chuma kutoka juu ya kabati, akaipangusa, akaitia katika mfuko wake wa kuihifadhia.

Kilichoniokoa ni Ramadhani, iliyoingia siku chache baadaye, pamoja na mvua za masika zilizouacha uwanja umejaa madimbwi. Hakuna aliyeweza kunitaka nicheze. Mkono ulipata mapumziko ambayo nisingeweza kuyaomba. Mama alikuja kila alasiri kunikunia nazi za futari, akisema amekuja kumwona mjukuu tu. Nilipoanza kuandika tena juu kabisa ya ubao, watoto wa nyuma waliendelea kusimama kwa mazoea, nikawa nawaambia waketi.

Jumamosi ya kwanza baada ya Idi, mume wangu alinitazama nikiitoa raketi nyeusi, akakaza midomo. Mipira yangu mitatu ya mwanzo ilitoka nje ya mstari, kama Mhindi alivyosema. "Unaona?" akanong'ona. Nikafupisha mkono. Nikaacha raketi ifanye kazi yake. Mpira wa nne ulipita juu ya wavu, mrefu, wa taratibu, ukatua karibu na mstari wa nyuma.

"Piga!" alisema nyuma yangu.

Sikupiga. Nilirudisha. Alisema tena, kwa sauti ambayo wote waliisikia, na mke wa mkubwa upande wa pili alitazama chini. Nilirudisha tena. Mkubwa alikimbia kushoto, akakimbia kulia, akashika magoti akicheka na kukohoa. Tulishinda seti ile, na ya pili tukashindwa, kwa kuwa nilichoka, nilikuwa sijacheza muda. Nilinywa chai kwa mkono wa kulia. Kikombe kilitetemeka kidogo tu.

Tulipokuwa tunaondoka mkubwa alimpiga mume wangu begani. "Huyu mama ni mchezaji! Tuongeze Jumatano jioni. Mnasemaje?"

"Hakuna shida," mume wangu akajibu. "Tutakuja." Uso wake ulikuwa umefunguka kama ambavyo sikuwa nimeuona kwa miezi.

Ndani ya gari nilikaa na raketi yangu mapajani. Nilikuwa nimepata raketi inayonifaa, na kwa sababu inanifaa, nilikuwa nimekwisha kutolewa ahadi kwa watu bila kuulizwa.

"Jumatano nasahihisha madaftari," nikasema.

"Nimeshakubali."

"Umekubali wewe. Utakwenda wewe."

Aliendesha mpaka tukafika kwa mama. Nilishuka kumchukua mtoto. Nilimbeba kwa mkono wa kulia, na nilipogeuka nilimkuta mume wangu ametoka garini, amesimama ameshika mlango, ananingojea niingie.

Jumatano alikwenda peke yake, na sijui alisema nini huko. Hakunieleza nami sikumwuliza. Jumamosi tulikwenda pamoja. Tukaendelea hivyo, Jumamosi tu, karibu mwaka mzima, yeye akipiga na mimi nikirudisha, mara chache akisahau na kuninong'oneza. Cheo alikipata hatimaye, na pamoja nacho uhamisho wa kwenda mji wa bara ambao haukuwa na uwanja hata mmoja. Naye hakuniuliza kama nataka kwenda. Nilifunga vyombo, nikaifunga raketi katikati ya leso ili isigongwe njiani.

Huko tulikokwenda, ukuta wa nyuma wa ghala la benki ulikuwa mrefu na hauna dirisha. Nilikuwa nikienda hapo asubuhi za Jumapili, kabla majirani hawajaamka, nikiupiga mpira ukutani na kuungoja urudi.